Jumbe Kiboko na Udongo wa Wanyonge

Nifungue?

— Fungua.

Nikifungua, mtaingia?

— Tutaingia.

Na mwenye miguu mifupi?

— Tutamngoja.

Haya, ingieni taratibu, msiyatibue maji, maana ngano yenyewe imelala bwawani na haipendi kuamshwa kwa kelele.

Hapo kale, wakati ndoto zilikuwa chache na wanyama wakiazimana ndoto hizo kama majirani wanavyoazimana ungo, kulikuwa na bwawa moja likiitwa Mwendapole. Maji yake hayakuwa na haraka. Jani likianguka upande huu asubuhi, lilifika upande wa pili jioni. Alfajiri ukungu ulilala juu ya bwawa kama shuka jeupe, na ndani ya ukungu huo mayungiyungi yakafumbuka, fyu, fyu, moja baada ya jingine, hata mtazamaji asijue kama ameyaona au ameyaota.

Katikati, penye kina, alikaa Jumbe Kiboko, mwenye bwawa. Yalionekana macho mawili, masikio mawili na matundu mawili ya pua. Mengine yote, na yalikuwa mengi, yalikuwa chini ya maji. Akipumua, fuuu, ukungu ulisogea. Akipiga mwayo, ndege walifikiri pango limefunguka.

Mbali na maji, juu ya kilima, chini ya mizizi ya mgunga, aliishi Sange na bibi yake. Sange ni mnyama mdogo wa kuenea kiganjani. Miguu yake ni vijiti, na pua yake ni ndefu, mfano wa mkonga ulioanza kuota ukaghairi. Pua hiyo haikujua kutulia. Ilicheza akiwa macho, ilicheza akiwa usingizini. Sange mwenyewe alikuwa na wasiwasi wa kila kitu. Kila asubuhi alifagia vijia vyake, jani mojamoja, na akimaliza alirudi mwanzo kutazama kama kuna jani lililomponyoka. Mara nyingi halikuwapo. Alifagia hivyo hivyo, pengine lipo.

Siku za nyuma Bibi alikuwa akishuka bwawani mwenyewe. Alishuka polepole, akichechemea, akipumzika penye jiwe. Akifika anakunywa. Akishakunywa anapiga soga na jamaa wa ukingoni, anasikiliza mizaha ya Kobe, ambaye ndiye aliyekuwa mcheshi wa bwawa zima, halafu anapanda kilima akicheka peke yake. Alikuwa maskini, tena sana. Wote wa kilimani walikuwa maskini: walikula walichookota, walilala walipochimba. Lakini maji walikunywa kwa midomo yao, na barazani walipotaka kusema walisema.

Jumbe Kiboko hakupendezwa. Alisema miguu myembamba ikijipanga ukingoni mwake inalitia bwawa huzuni. Tena alikuwa anataka sana kuitwa mwema. Akakaa akawaza, fuuu, akawaza, fuuu, mpaka akapata njia ya kuwaondoa wale wa kilimani na kuitwa mwema papo hapo. Akamwita tarishi wake, Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa. Hondohondo akaruka juu ya mkuyu ulioinamia maji, akapiga mbiu: kwo, kwo, kwo. Imetoka Amri ya Kumwinua Mnyonge. Kila mnyonge atapakwa udongo mweupe puani, ili ajulikane, ili asaidiwe.

Na aliyepakwa,

hanywi bwawani: ataletewa.

Hasemi barazani: atasemewa.

Halali kwenye kivuli cha mkuyu: atatafutiwa kivuli chake.

Na aliyepakwa asilowe, maana udongo ukilowa hufutika, na aliyefutika nani atamjua amsaidie?

Wanyama walishangilia. Bibi naye alishangilia. Nani hataki kuletewa maji, hasa mwenye goti bovu? Alikuwa wa kwanza kupanga foleni, akajitaja mnyonge mbele ya baraza, akaonyesha goti, akapakwa, pwata, akarudi nyumbani na pua nyeupe na furaha nyingi.

Ikawa hivi. Hondohondo huchota maji bwawani kwa mdomo wake mkubwa, akapaa kwenda kilimani. Lakini alikuwa na agizo jingine: kila tawi atakalotua kupumzika, lazima atangaze wema wa Jumbe. Basi akitua tawi la kwanza, kwo, "Jumbe anawaletea maji," na maji yanamwagika. Akitua tawi la pili, kwo, na maji yanamwagika. Mgunga wa kina Sange ulikuwa juu kabisa. Akifika huko anainamisha mdomo juu ya ulimi wa Bibi, na wote wawili wanangoja.

To.

Hilo ndilo tone la siku. Hondohondo huuliza kama kuna shukrani zozote za kupeleka, halafu anarudi.

Huko barazani nako, wanyonge walisemewa na Jumbe mwenyewe. Alikuwa akisema, "Wanyonge wanasema wameshiba." Na kivuli chao kilikuwa bado kinatafutwa. Aliyetaka kushuka mwenyewe alimkuta Mamba, ambaye Jumbe alimweka kuwa mlinzi wa ukingo. Mamba hakuwa na akili nyingi, alikuwa na meno mengi. Hakutazama sura, alitazama pua. Alijua maneno matatu tu, "Pua nyeupe, kilimani," akayasema kwa sauti ileile kwa kila aliyekuja.

Siku zikapita, zikafanana, zikachanganyika, na Bibi akaanza kukauka. Ulimi wake ukawa jani la kiangazi. Akizungumza, unasikia krr, krr.

Sasa, bwawa la Mwendapole lilikuwa na desturi yake. Amri mpya hukaa tu kwa majaribio mpaka makuyu yaive. Makuyu yakiiva, anatumwa mnusaji aende akainuse amri ile. Akirudi akasema inanukia, na asibadili neno mpaka jua liwe utosini, amri inageuka mila, na mila haitoki tena. Akisema inanuka, amri inatupwa topeni. Unusaji ulikuwa kazi ya ukoo wa Sange, kwa ajili ya zile pua zao. Mnusaji alikuwa Bibi. Lakini Bibi amepakwa, na aliyepakwa hasemi barazani. Basi makuyu yalipoanza kuwa mekundu, kazi ikamwangukia mjukuu.

Sange aliposikia, alifagia vijia vyake vyote, kisha akafagia na vya jirani.

Jumbe Kiboko alimpokea vizuri sana. Sange akamwamkia, "Shikamoo, Jumbe." Jumbe akaitika marahaba, akamkalisha juu ya jani la yungiyungi, akamwambia hakuna haja ya kujichosha na vilima. Anuse palepale alipo.

Sange akanusa. Yalimjia maji, ua bichi, tope la ubaridi.

"Inanukia?"

"Hapa inanukia, Jumbe."

"Basi kazi imekwisha."

Sange akasema kwa sauti ndogo kwamba desturi ni kunusa kote inakofika amri, na kwamba yeye akiacha kipande hapati usingizi. Maji yakatulia. Halafu Jumbe akamwambia aende, ila kesho ukungu ukiwa bado juu ya bwawa arudi na pua aliyoondoka nayo. Akaongeza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba Hondohondo ana kazi nyingi, na kwamba matone huanza kukatwa kwa wale ambao wajukuu wao hawana adabu.

Sange akapanda kilima akinusa. Kadiri alivyopanda, ua lilififia. Penye tawi la kwanza ilinukia unyevu. Penye tawi la pili ilinuka vumbi. Penye jiwe alimkuta Kobe, udongo mweupe puani, amekaa kimya akitazama bonde. Sange akamwuliza habari za msaada.

"Nimesaidiwa vizuri," Kobe akasema. "Nimesaidiwa mpaka nimenyamaza. Kuna mzaha mmoja nilikuwa naufahamu, kuhusu konokono na mkwewe. Najaribu kuukumbuka tangu asubuhi. Hakuna wa kuniuliza ukoje, ukanitoka."

Sange akaendelea kupanda. Pua ilicheza, ikacheza, ikafika mlangoni kwao. Pale haikunusa kitu. Ilinusa udongo mkavu, basi. Bibi alikuwa amelala upande, macho wazi.

"Mke mwenzangu," Bibi akamwambia, maana ndivyo alivyomwita kwa utani, "kesho sema inanukia. Ukisema inanuka watalikata tone langu, na mimi bila hilo sivuki wiki."

"Na nikisema inanukia, Bibi?"

Bibi akaangalia kule chini ambako bwawa lilimeta kidogo, mfano wa kitu alichokiacha kwa mtu.

"Basi litakuwa tone daima. Na kwa tone hilo sivuki mwaka."

Sange akajikunja kando yake. Hakutaka kulala, lakini jua lilikuwa zito na usingizi ukamchukua mchana mchana. Ndoto aliyoipata haikuwa yake. Ilikuwa kubwa mno, ilimpwaya. Aliota yuko katikati ya bwawa, mwili wake umejaa maji yote, tumbo limegusa ukingo huu na ukingo ule. Chochote alichotaka kilikuwa karibu na mdomo wake. Lakini kwa mbali, juu ya kilima, aliona tone moja linaning'inia juu ya ulimi wa kikongwe, na moyo wake mkubwa ukauma kwa wivu. Akalitaka lile. Bwawa zima hakulitazama tena. Akataka lile tone tu.

Akaamka. Akakaa akijiuliza ndoto ile ni ya nani. Alipojua ni ya nani, pua yake ikatulia, mara ya kwanza tangu azaliwe.

Asubuhi baraza lilikusanyika kwenye ukungu. Hakuna aliyemwona mwenzake vizuri. Ilionekana pembe hapa, sikio pale, na juu ya tawi, ule mdomo wa Hondohondo. Mamba alikuwa gogo ukingoni. Jumbe akauliza, mnusaji amenusa nini.

Sange akasimama juu ya jiwe.

"Nimenusa, Jumbe. Inanukia. Inanukia mpaka inaleta wivu."

Jumbe akafurahi. Halafu lile neno la mwisho likamwasha.

"Wivu wa nani?"

"Wangu mimi, Jumbe. Na nilipofikiri zaidi, nikakuonea huruma wewe."

Ukungu ukasimama. Jumbe akatoa kichwa chote majini ili asikie vizuri.

"Bibi yangu hainami kunywa," Sange akasema. "Maji yanamfuata kwa mabawa, yanatangazwa njia nzima. Wewe maji yako nani anakuletea?"

Jumbe akafikiri. Maji yalimfika shingoni pande zote.

"Hakuna," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa.

"Na barazani nani anakusemea?"

"Najisemea mwenyewe."

"Na mdomo huo ulivyo mzito. Na kivuli, kuna aliyewahi kukutafutia?"

"Kivuli kinakuja chenyewe tu," Jumbe akasema kwa uchungu. "Hakuna aliyewahi kujisumbua."

Sange akainamisha kichwa, akasema yeye amenusa tu, mengine hayamhusu. Kwamba wanyonge wanapata hiki na hiki, na Jumbe, aliyeitoa amri, hapati hata tone. Kwamba pengine ndivyo wema ulivyo, mwenyewe hubaki mikono mitupu.

Jumbe akavuta pumzi, fuuu, akavuta nyingine. Kadiri alivyowaza ndivyo alivyozidi kuona ameibiwa. Mwisho akanguruma kwamba naye apakwe.

Hondohondo akakohoa. Yeye aliupenda utaratibu kuliko alivyoyapenda makuyu. Akamkumbusha Jumbe, kwa heshima zote, kwamba hapakwi mtu mpaka atoke majini, asimame mbele ya baraza, aseme kwa mdomo wake kwamba ni mnyonge, na atoe ushahidi.

Jumbe Kiboko akatoka. Maji yakamtiririka, shwaaa, na bwawa likashuka kimo. Akasimama mbele ya wanyama wote.

"Mimi ni mnyonge," akasema. "Naamka mtupu, nalala mtupu. Manyoya sina. Pembe sina. Shingo hata ya kugeuka nyuma sijapewa. Na mkia wenyewe ndio huu."

Akageuka. Baraza likautazama mkia. Likautazama tena, na kwa kweli wengi waliona kuwa umaskini upo. Pongo mmoja akafuta machozi.

Wakampaka. Pwata, pwata, pwata. Pua ya Jumbe ilikuwa pana mno, ikamaliza udongo wote uliokuwa shimoni. Alipokuwa mweupe kabisa, akafumba macho kwa raha akasema, haya, nileteeni.

"Anayepakwa huletewa kilimani," Hondohondo akasema.

Jumbe akacheka kidogo. Akasema basi atanywa funda moja kwanza, ndipo apande. Akageukia bwawa. Lile gogo la ukingoni likafunguka meno, ka, mbele ya pua yake.

"Pua nyeupe, kilimani."

"Mamba, ni mimi."

"Pua nyeupe, kilimani."

"Mamba, mimi ndiye niliyekuweka hapo."

Mamba akaitazama pua. Ilikuwa nyeupe. Akasema yale maneno yake matatu.

Jumbe akaligeukia baraza, akafungua pango la mdomo wake aamuru. Lakini Hondohondo alishamtangulia, kwo, kwo, kwo: anayepakwa hasemi barazani. Jumbe akanong'ona kwamba basi asemewe. Hondohondo akanong'ona kwamba wa kusemea wanyonge ni Jumbe.

"Jumbe ni mimi."

"Jumbe hana udongo puani," Hondohondo akasema kwa huzuni ya kweli, maana alimpenda. "Nimeitangaza mwenyewe hii amri, kila tawi. Naijua kwa moyo."

Ukungu ukaanza kunyanyuka. Jumbe akalitazama baraza, na baraza likamtazama, na kila mmoja alikuwa kama yumo kwenye ndoto ya mwenzake na hajui adabu ya kutoka. Mwisho Jumbe akaanza kupanda kilima. Ndu, ndu, ndu. Sange akatangulia, akimwonyesha njia na kuondoa majani.

Kobe akamsogezea nafasi penye jiwe.

"Karibu, mnyonge mwenzetu," akamwambia. "Kivuli kinatafutwa." Akaandamana naye polepole mpaka karibu na mgunga, penye jua.

Jua likapanda. Nyinyi mnamjua Kiboko na jua. Ngozi yake ilianza kuvuta, ikavuta, ikawa inamkaba. Jasho jekundu likamtoka mgongoni. Akauliza maji yanakuja lini. Kobe akasema yanatangazwa kwanza. Ni kweli, kwa mbali chini walisikia tawi la kwanza, kwo. Kimya. Tawi la pili, kwo. Kimya. Kila kwo ilimpiga Jumbe kifuani, maana sasa alijua inamwaga nini. Hondohondo akafika anahema, akainamisha mdomo juu ya ule ulimi mpana kama mkeka.

To.

Tone likaanguka katikati ya ulimi. Jumbe hakulihisi. Alibaki amefungua mdomo, akingoja.

"Ndilo hilo," Bibi akamwambia kutoka chini ya mgunga, krr, krr. "Usifumbe haraka, Jumbe, liache lizunguke. Kesho lipo jingine."

"Kesho," Jumbe akasema.

Hondohondo akauliza kama kuna shukrani zozote za kupeleka.

Jumbe Kiboko akalaza kichwa chini, mpaka jicho lake likawa sawa na jicho la Sange. Jicho lile lilikuwa kubwa kuliko Sange mzima. Akamwambia kwamba mnusaji bado ana haki ya kubadili neno mpaka jua liwe utosini, kwamba yeye amelijua hilo siku zote, na kwamba anamwomba arudi barazani akaseme.

"Nikaseme nini?"

"Kwamba inanuka."

Pale kando Bibi alikuwa anatweta. Sange angeweza kuondoka muda uleule. Lakini alikuwa yule yule wa kurudia kufagia.

"Inanuka kote, Jumbe, au inanuka kwako?"

Hata kwenye jua lile, Jumbe akapiga hesabu. "Kwangu," akasema. "Kaseme haifai kwa viboko. Wengine hawa wameshazoea. Na bibi yako nitamwongezea tone."

Bibi akafungua macho, akamtazama mjukuu wake. Ilikuwa rahisi sana kuitikia, na tone ni tone. Sange akaona jani moja dogo kwenye kijia, akaliondoa. Akaona jingine, akaliondoa. Jua likapanda kidogo. Mgongo wa Jumbe ukapasuka ufa mwembamba, prr.

"Sinusi kwa ajili ya pua moja, Jumbe," Sange akasema, na alikuwa anasikia woga mpaka kwenye kucha. "Nikisema inanuka kwako, lazima niseme na hapa, na penye jiwe, na kila mahali nilipopita. La sivyo nitakuwa nimeacha kipande."

Jumbe Kiboko akamtazama Kobe. Akamtazama Bibi, ule ulimi wake. Alikuwa hajapata kuutazama kwa karibu. Akaugusa wake mwenyewe kwa meno, na ndimi zilikuwa zinafanana.

"Kote," akasema. "Kote, mjukuu wangu. Nenda."

Sange akaenda. Tiri tiri tiri tiri, kwenye vijia vilivyofagiwa mara mbili, pasipo jani la kumkwaza, akafika barazani kivuli cha mkuyu kimebaki kidogo tu kwenye shina. Akasimama juu ya jiwe, akasema ameinusa amri kuanzia kwenye yungiyungi mpaka kwenye mzizi wa mgunga. Kwamba ukingoni inanukia, na kila unapopanda inazidi kuoza. Kwamba harufu nzuri yote inabaki mdomoni mwa anayetangaza. Baraza likauliza, kwa sauti nyingi za chini, je, inanuka?

"Inanuka," Sange akasema.

Wakaitupa topeni. Hondohondo akalia kidogo, kisha akaitangaza na habari hiyo, maana ilikuwa kazi yake: kwo, kwo, pua ni pua, ukingo ni ukingo. Mamba akaambiwa. Akauliza aseme nini sasa. Akaambiwa asiseme kitu, akalala.

Wa kilimani wakashuka. Jumbe Kiboko hakushuka, aliporomoka: gubu, gubu, gubu, chubwiii. Bwawa likainuka lote, likamwagika ukingoni, likawakuta wenzake njiani, na udongo mweupe ukawatoka puani ukaelea juu ya maji, ukaenda polepole upande wa pili.

Bibi alifika wa mwisho, akichechemea, Sange kando yake. Hakuletewa. Aliinama mwenyewe, goti likalia, akatia mdomo majini, akanywa. Akanywa tena. Halafu akainua kichwa akalalamika kwamba maji yametibuka, kwamba Kiboko angeoga huko mbali asiwachafulie wenzake, na kwamba siku hizi hata yungiyungi halina adabu ya kukaa pembeni. Alilalamika mpaka jua likashuka. Baraza lote lilikaa likimsikiliza. Sange akalala pale pale penye maneno hayo, pua imetulia juu ya mguu wa Bibi, na safari hii ndoto aliyoota ilimtosha.

Jumbe hakunyang'anywa cheo chake. Hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya, walikuwa wanakunywa. Ila tangu siku hiyo Kiboko hushinda majini kutwa. Akitaka majani hungoja jua lizame, akatoka peke yake, akala haraka haraka, kichwa chini. Na akisikia mabawa juu ya miti hukimbia kurudi bwawani, ndu ndu ndu, akiogopa asije akaletewa maji.

Mafundisho yake ni haya, na watoto wayashike vizuri. Amri za wakubwa ni njema zote, ubaya ni kuzitembelea. Mnyonge asipewe njia ya kufika majini, maana atalalamika kwamba yametibuka. Na mkubwa akikusaidia, mshukuru, usimwulize maswali, ila ukilala umwombee kwa Mungu naye asaidiwe vile vile.

Ngano yangu imefika ukingoni. Imekauka?

— Imelowa.

Basi kama ni tamu gawaneni, na kama ni chungu niachieni mimi, nimeshaizoea.